MGENI MBAYA KATIKA MIZINGA YETU
(Hotuba kwa wafuga nyuki wa Nyamigogo, Biharamulo)



Wenzetu wa Ulaya wanahangaika na mavu wa Asia, aliyeonekana Ufaransa katika mwaka 2004, akafika hata Uingereza katika mwaka 2016. Huvizia mlangoni mwa mzinga, akamkamata nyuki arudipo. Adui huyo angalau huonekana. Wetu sisi amekwisha ingia ndani, naye hazidi punje ya ulezi.

Jina lake varoa, jamaa ya utitiri wa kuku. Asili yake ni Asia. Katika Tanzania na Kenya alitambuliwa mwaka 2009. Rangi yake ni nyekundu ya udongo, na umbo lake bapa kama kaa. Huingia katika tundu la sega kabla halijazibwa, akazaa humo, nao watoto wake humfyonza mwana wa nyuki. Mkiona nyuki wachanga wenye mbawa zilizokunjamana, mshukuni yeye.

Basi, atafutwaje? Mzinga wa gome ulio juu ya mti ni shida kuupekua; wa sanduku ni rahisi. Vukiza moshi jioni, kisha chukua nyuki nusu ya kikombe, yapata 300, kutoka sega la majana. Ila hakikisha malkia hayumo. Watie katika chupa ya mdomo mpana iliyofunikwa kwa wavu wa waya. Ongeza vijiko viwili vya sukari iliyotwangwa ikawa unga, uizungushe chupa taratibu, ungoje dakika mbili, kisha uitikise juu ya sahani nyeupe. Varoa wataanguka, wahesabu. Nyuki warudishe, hawadhuriki, ingawa watakasirika (nao wetu hawangoji sababu).

Msikimbilie dawa. Mimi mwenyewe, kwa ujinga wangu, nilimimina dawa ya pamba mzingani. Varoa walikufa, nyuki wakafa pia, na masega yote nikayafukia. Wataalamu walipopima mizinga ya Kenya mwaka 2010 walimkuta varoa karibu kila mahali isipokuwa kaskazini ya mbali, wala makundi hayakuonekana kupungua kwa ajili yake. Nyuki wetu hung'oa majana yenye ugonjwa, wakayatupa nje.

Kwa hiyo msiwadhoofishe. Mrinapo, acheni masega ya majana, na asali ya kuwatosha kiangazi. Msirine kwa mwenge wa moto. Wala msilete kundi la nyuki kutoka mbali kabla ya kulipima. Asiyejua kuandika na apeleke hesabu yake kwa mwalimu, aitie daftarini pamoja na tarehe.