Jeshi la Karanga: Kuajiri, Kulipa na Kubadili Uongozi Katika Nyanda za Kati

Kibakwe, mkoani Dodoma, karanga hung'olewa kwa mkono. Mama huinama, hulishika shina karibu na udongo, hulivuta taratibu, hulikung'uta, kisha huligeuza mizizi juu ili jua lizikaushe karanga. Siku ya kung'oa anaijua. Akichelewa mpaka ardhi ikauke sawasawa, udongo unakuwa kama sakafu, shina linamkatikia mkononi na mazao yanabaki chini. Ujuzi huo hauna cheti, na katika daftari la mwajiri yeyote mama huyu angeandikwa kibarua.

Kongwa si mbali na hapo. Mpaka miaka ya 1990 ilikuwa ndani ya Wilaya ya Mpwapwa, wilaya ile ile ilimo Kibakwe. Kongwa ndiko ulikofanyika, kati ya 1947 na 1951, mradi mkubwa wa karanga ulioivunjia heshima serikali nzima ya Uingereza. Kwa kawaida habari yake husimuliwa kwa udongo na mvua. Mhadhara huu unaitazama kutoka kwenye meza ya afisa utumishi: nani aliajiriwa, alilipwaje, na ilikuwaje mwajiri alipobadilika kazi ikiwa katikati.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walikuwa wakila mafuta kwa mgao. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company, kampuni tanzu ya Unilever, aliipelekea serikali yake wazo la kulima karanga Afrika Mashariki kwa mashine. Ujumbe wa watu 3 ulitumwa, ukiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika. Walizunguka kwa wiki 9, sehemu kubwa kwa ndege, wakarudi na hesabu iliyonyooka: ekari 3,210,000, zigawanywe katika mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja, mengi yakiwa Tanganyika na mengine Kenya na Rhodesia ya Kaskazini.

Kutoka angani pori la Kongwa lilionekana tupu, na kumbukumbu za mvua zilizoandikwa zilikuwa haba. Lakini kumbukumbu zilikuwepo. Wagogo, wenyeji wa huko, walizihifadhi kwa njia yao, kwa kuzipa njaa majina. Mtunya, njaa iliyoiangamiza Ugogo Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa inamalizika, mwaka 1946 bado ilikuwa na mashahidi hai vijijini, watu waliozika ndugu zao. Aliyetaka kujua mvua ya Ugogo huweza kukosa mwaka gani, wa kumuuliza walikuwepo.

Kuajiri kulianza kwa shangwe. Uingereza ilijaa askari waliorudi vitani bila kazi, na inaelezwa kwamba zaidi ya 100,000 waliomba kwenda. Wakaitwa jeshi la karanga. Hoja ya waajiri ilikuwa rahisi: aliyeendesha kifaru ataendesha trekta. Hata baadhi ya matrekta yenyewe yalikuwa vifaru, maana kiwanda cha Vickers kilichukua vifaru vya Sherman kikavigeuza kuwa mashine za shamba, zikapewa jina la Shervick. Walitafuta watu wenye ari na wakawapata. Aliyewahi kuona karanga ikizama udongoni baada ya kutoa ua hakutafutwa kwa bidii hiyo.

Uongozi nao ukafuata mkondo ule ule. Meja Jenerali Desmond Harrison, mhandisi wa jeshi, aliletwa kuwa meneja mkuu. Jeshini amri hushuka haraka, na taarifa hupanda polepole, tena zikiwa zimepanguswa vumbi. Mwaka wa kwanza lengo lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kama 7,500. Pengo la namna hiyo halitokei siku moja. Wiki baada ya wiki kulikuwa na watu shambani walioliona, ila mpango mkubwa uliendelea kusomwa London kana kwamba umo njiani.

Upande wa Waafrika waliajiriwa maelfu: Wagogo wa karibu na watu kutoka mbali. Vijana walifundishwa kuendesha trekta kwa haraka, kisha wakakabidhiwa mashine nyingi zilizonunuliwa kuukuu kutoka masalio ya vita, spea hazipo, chembe za mchanga mgumu wa Kongwa zikila chuma. Trekta likifa, wa kwanza kutazamwa ni dereva. Kila gereji ya Dodoma inaufahamu mchezo huu. Mwenye gari hununua spea mbovu, gari likilala njiani anamkata dereva posho. Kampuni iliyoweka fedha kwenye mashine ikabana kwenye mafunzo imejichagulia mapema wa kumlaumu, na hasara haipungui kwa lawama hizo.

Kisha kuna mshahara, na hapa ndipo penye la kujifunza zaidi.

Siku zile utaratibu uliozoeleka Tanganyika ulikuwa kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Kipande kilihesabu siku za mtu. Bei ya unga hakikuihesabu. Mradi ulipoingia Kongwa, fedha zilifika kabla ya bidhaa. Watu wengi walikusanyika mahali pamoja, katika nchi ambayo miaka mingi hujilisha kwa shida, na chakula kikapanda bei. Mfanyakazi aliyepewa shilingi zaidi ya alizozoea alijikuta sokoni ananunua kidogo kuliko mwanzo. Mwenye mradi, akisoma orodha ya malipo, aliona mishahara mizuri. Mpokeaji, akitazama sufuria, aliona jambo jingine.

Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma. Mgomo ukapanda na reli ya kati, stesheni hadi stesheni, ukawafikia na wafanyakazi wa Kongwa. Mradi uliokuwa haujatimiza mwaka mmoja ukajikuta umesimamishwa na watu ambao mpango wake uliwataja kama nguvu kazi tu. Makuli waliongezewa malipo baada ya usuluhishi. Kuna mameneja ambao mpaka leo huuita mgomo wa aina hiyo uchochezi kutoka nje. Mgomo kweli unaweza kuja na treni, lakini hushuka tu kwenye stesheni yenye watu wanaoungoja.

Mwaka 1948 ukaleta mageuzi. United Africa Company, iliyokuwa ikisimamia kwa niaba ya serikali, ilikabidhi mradi kwa shirika la umma lililoundwa mahususi, Overseas Food Corporation, chini ya mwenyekiti Leslie Plummer, mtu aliyepata uzoefu wake mkubwa wa biashara kwenye magazeti. Waliolala wakiwa waajiriwa wa kampuni waliamka watumishi wa shirika. Mabango yalibadilika, barua zikapata vichwa vipya, na ekari zikaendelea kudaiwa. Mtihani wa mageuzi ya taasisi ni huu: je, yule anayejua tatizo sasa anaweza kulisema likasikika? Jibu alilitoa Alan Wood, aliyekuwa afisa habari wa mradi. Alijiuzulu, na mwaka 1950 akachapisha kitabu, The Groundnut Affair, akiwaeleza wasomaji wa Uingereza yaliyokuwa yakijulikana Kongwa. Taasisi ambayo afisa habari wake hulazimika kutoka nje ndipo aseme ukweli, muundo wake mpya haujabadilisha kitu.

Kilichofuata ni kubadilisha watu. Harrison aliondoka, Wakefield akaondolewa kwenye bodi mwaka 1949, Plummer akafuata mwaka 1950. Kila kichwa kilichoondoka kilitoa picha ya hatua kuchukuliwa. Mvua ya 1949 ilikuwa haba, na Januari 1951 serikali ikatangaza kwamba mpango mkubwa umekwisha. Zaidi ya pauni milioni 36 zilifutwa vitabuni. Reli iliyotandikwa kutoka Msagali kwenda Kongwa ilikuja kung'olewa, na sehemu ya ardhi ile ikawa malisho. Ng'ombe wa Ranchi ya Kongwa leo wanakula majani palipotarajiwa mafuta ya kukaangia samaki wa Uingereza.

Nyanda hizi zimeshuhudia pia mageuzi mengine makubwa ya kiutumishi, safari hii ya serikali ya Tanzania yenyewe. Mwaka 1973 chama tawala, TANU, kiliamua makao makuu yahamie Dodoma, na mamlaka ya ustawishaji, CDA, ikaundwa mwaka huo huo. Uamuzi ulikuwepo, ramani zilikuwepo, lakini kwa miongo minne wizara nyingi zilibaki Dar es Salaam. Mtumishi alikuwa na nyumba kule, mke ana kazi kule, watoto wanasoma kule, na bosi wake hajahama. Nani angetangulia? Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali inahamia Dodoma. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akahamia Septemba mwaka ule, Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan Desemba 2017, Rais mwenyewe Oktoba 2019. Mwaka 2018 sheria ikapitishwa kuitambua Dodoma kuwa makao makuu, na ofisi za wizara zikajengwa Mtumba. Tofauti kati ya 1973 na 2016 haikuwa ubora wa hotuba. Safari ya pili wakubwa walibeba mizigo yao kwanza, na wa chini wakaona kwamba kubaki nyuma kuna gharama.

Upimaji wa kazi una historia inayofanana. Mwaka 2004 utumishi wa umma ulianzisha OPRAS, mfumo wa wazi ambapo mtumishi na msimamizi wake hukubaliana malengo. Kwenye karatasi ulikuwa hatua kubwa mbele ya zile taarifa za siri ambazo mtumishi hakuzisoma. Kwa vitendo, wengi wanakumbuka fomu zikijazwa kwa pamoja, wiki moja kabla ya muda kuisha, kwa sababu kupanda daraja kulizidai. Mwaka 2023 ulikuja mfumo wa kidijitali, PEPMIS, mtumishi akitakiwa kuingiza kazi zake kila mara. Mfumo mpya una faida yake. Lakini muuguzi wa zahanati ya milimani, ambako mtandao huja kwa kupanda kichuguu, anapimwa na mfumo uliobuniwa na watu wenye intaneti mezani. Hilo ni Kongwa kwa sura nyingine, ingawa kwa gharama ndogo mno.

Kampuni zinazoitazama Dodoma sasa zinakuja kwa ajili ya alizeti, zabibu, na vitunguu vya Lumuma. Zitaleta maafisa rasilimaliwatu wenye shahada, chati za muundo na viwango vya mishahara. Kabla ya chati hizo kupigwa mhuri, waende shambani Kibakwe wakati wa kung'oa karanga, wakae na yule mama, wamuulize mvua hukatika lini na unga huuzwaje mwezi wa pili. Na wamlipe siku hiyo, kwa kuwa atakuwa amewafanyia kazi.