Jua la Shambani na Afya ya Mkulima
(Maneno ya Bwana Shamba kwa wakulima wa Dodoma)



Leo sisemi juu ya mbegu wala samadi. Nasema juu ya mtu ashikaye jembe, maana shamba bila mtu ni pori.

Hapa kwetu mvua huanza mwisho wa Novemba au Desemba. Jua kali kuliko yote ni la Oktoba na Novemba, wakati ule ule tunapoberega mashamba ya mtama, uwele na karanga. Tangu mavuno mwili umepumzika katika baridi ya kipupwe, na joto umelisahau. Kwa hiyo siku za kwanza za kazi ndizo zenye hatari kubwa. Anzeni kwa muda mfupi, mkazidishe kidogo kidogo. Mwili huzoea joto katika juma moja au mawili. Kibarua mgeni naye apewe nafasi hiyo.

Mwaka mmoja nilimkuta kijana wa kibarua, siku yake ya pili shambani, akipayuka ovyo. Wenzake walidhani amelewa, wakamwacha alale juani. Tulimvuta kivulini, tukammwagia maji na kumpepea, kisha tukampeleka hospitali. Alipona, lakini ilibaki kidogo tumzike.

Basi shikeni haya:

1. Limeni tangu alfajiri mpaka saa 4 asubuhi; rudini saa 10 alasiri.

2. Kila mtu aende na maji yake. Anywe kikombe kimoja kila dakika 20, asingoje kiu. Pombe si maji, huukausha mwili.

3. Vaeni kofia pana au kitambaa kichwani, na nguo nyepesi zisizobana.

4. Mtu akiumwa kichwa, akiona kizunguzungu, kichefuchefu au misuli kukaza, aache kazi mara moja, akae kivulini. Mpeni maji safi lita 1 yaliyotiwa vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi.

5. Akipayuka, akianguka au akizimia, na mwili unawaka, hicho ni kifo mlangoni, hata kama bado anatoka jasho. Mloweshe maji mwili mzima, mpepeeni, na mpelekeni zahanati upesi. Asiye na fahamu asinyweshwe kitu.

Ndugu zangu, ngwe isiyokwisha leo italimwa kesho. Lakini mkulima akifa, nani atapalilia?