Mtoto Atoke Nje: Matembezi ya Msitu wa Oloolua

Leo nazungumza na wewe mama unayelea mtoto ndani ya ploti hapa Nkoroi, Rongai, Kiserian na sehemu za karibu. Nazungumza pia na nyanya aliyeachiwa wajukuu, na dada wa nyumbani anayeshinda na mtoto kutwa nzima mama akiwa kazini. Akina baba nao wasizime redio, maana shughuli nitakayoieleza inahitaji mtu mwenye mabega ya kubeba mtoto akichoka.

Zamani mtoto wa Nkoroi hakuhitaji kupelekwa mahali ili acheze. Palikuwa na nyasi, miti ya migunga na mbuzi wa kukimbizana nao. Sasa sehemu nyingi zimejengwa. Ukifungua lango la ploti unakutana na bodaboda, na ukilifunga unabaki na saruji, kamba za nguo na tangi la maji. Mama ana sababu ya kuogopa. Basi mtoto anafungiwa ndani, anawashiwa televisheni au anapewa simu, na anatulia. Wengi hunisifia mtoto wa namna hiyo kliniki: "Sista, huyu hanisumbui hata kidogo." Mimi husikia hivyo nikaanza kuuliza maswali.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kuhusu watoto walio chini ya miaka 5. Linasema mtoto wa mwaka 1 hadi 4 anahitaji angalau dakika 180 za kuuchangamsha mwili kila siku. Hizo ni saa 3, si lazima ziwe kwa mfululizo. Kutambaa, kutembea, kupanda, kuruka, kufukuza kipepeo, yote yanahesabiwa. Mtoto ambaye hajafika miaka 2 hafai kuketishwa mbele ya televisheni au simu, na yule wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku. Najua jambo hili ni gumu wakati unapika na unafua peke yako. Lakini ni vizuri ujue kipimo ni kipi.

Nikupe mfano wa mtoto mmoja, bila jina. Aliletwa akiwa na mwaka mmoja na miezi tisa. Chanjo zote alikuwa amepata, uzito wake haukuwa mbaya, lakini alikuwa hasimami. Ukimwekea miguu chini anaikunja na kulia. Vifundo vya mikono yake vilikuwa vinene, na utosi ulikuwa bado haujafunga vizuri. Nyumbani walisema amechelewa tu kama babake. Mama huyo hakuwa mzembe. Alikuwa akiishi chumba cha chini katikati ya majengo marefu, jua halifiki, na mtoto alikuwa akitoka nje siku ya kliniki tu, tena akiwa amefunikwa shali mbili. Hospitali ilimkuta na rikets, ugonjwa wa mifupa kuwa laini. Alipewa dawa ya vitamini D pamoja na madini ya kalsiamu, na mama akafundishwa kumwotesha jua. Baada ya miezi kadhaa alitembea.

Mwili hutengeneza vitamini D wakati ngozi inapopigwa na jua. Maziwa ya mama ni bora kuliko yote, lakini yana vitamini D kidogo sana. Ngozi nyeusi nayo inahitaji muda mrefu zaidi juani kuliko nyeupe. Kwa hivyo mtolee mtoto nje mara kwa mara, jua la asubuhi likishapanda kidogo, mikono na miguu ikiwa wazi, kwa nusu saa hivi. Jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halisaidii, kwa sababu kioo huzuia ile miale inayotakiwa. Jua kali la saa sita mchana mwepushe nalo. Na ikiwa mtoto wako ana ualbino, ushauri huu si wake: yeye afunikwe vizuri, avae kofia pana, na vitamini yake aipate kwa njia nyingine atakayoelekezwa na daktari. Tena usitishike kwa kila tege. Watoto wengi huwa na miguu iliyopinda kidogo kabla ya miaka 2, kisha ikanyooka yenyewe. Ukiona kupinda kunazidi, au mtoto amefika mwaka mmoja na nusu bila kutembea, mlete tumwone.

Hofu nyingine ni baridi. Tunaamini nimonia inaletwa na upepo, basi tunafunga dirisha na mlango, halafu tunawasha jiko la makaa ndani ya chumba hicho hicho. Mama, nimonia huletwa na vijidudu, na moshi wa jikoni huongeza hatari ya mtoto kuipata karibu mara mbili. Kati ya upepo wa nje, mtoto akiwa amevaa sweta, na moshi wa ndani, mimi nitachagua upepo.

Sasa twende wapi? Watu wengi wa upande wetu hawajui kwamba tuna msitu karibu. Msitu wa Oloolua uko mpakani mwa Karen na Kajiado Kaskazini, na ndani yake kuna njia ya kutembea kwa miguu inayosimamiwa na taasisi ya serikali inayofanya utafiti juu ya nyani na tumbili. Kutoka Nkoroi unapanda matatu ya 126 ya kuelekea mjini, unashuka pale Galleria barabara ya Magadi inapokutana na ya Lang'ata, unachukua nyingine ya Karen, kisha unamalizia kwa bodaboda. Tafadhali, bodaboda moja isibebe mama, watoto watatu na kikapu. Akina mama wa chama kimoja wanaweza kuchanga na kukodi matatu moja mpaka langoni, na hilo ndilo ningependekeza. Kuna ada ya kuingia. Ada hizi hubadilika na siku hizi hulipwa kwa simu, kwa hivyo uliza kabla ya kufunga safari.

Ndani utakuta njia ya udongo chini ya miti, kama kilomita 5 kwa jumla. Kuna maporomoko madogo ya maji, kichaka cha mianzi chenye mahali pa kupumzika, matete yaliyoota penye majimaji, na pango ambalo wapiganaji wa Mau Mau walijificha ndani yake miaka ya 1950. Watoto wakubwa watakuuliza maswali mengi kuhusu pango hilo, jiandae. Mto unaouona ni Mbagathi, ule ule unaopita chini ya barabara ya Magadi ukiingia Rongai.

Usijilazimishe kumaliza njia yote. Mtoto wa miaka 3 hutembea hatua kumi, akachuchumaa kumtazama jongoo kwa dakika tano, kisha akaendelea. Mwache. Huko kuchuchumaa na kuinuka ni mazoezi, na kuuliza "hii ni nini?" ni kujifunza kusema. Macho yake pia yananufaika: uchunguzi uliofanywa katika nchi za Asia, zikiwemo China na Taiwan, umeonyesha kwamba watoto wanaopata muda mwingi nje hawapatwi sana na tatizo la kutoona mbali. Kigari cha mtoto usikibebe, njia ina mizizi, na sehemu ya kuteremkia pangoni na mtoni ina mteremko. Leso ya mgongoni inatosha. Ila kumbuka msituni kuna kivuli kingi, kwa hivyo lile jua la mifupa umwotesheni mahali pa wazi, kabla hamjaingia chini ya miti.

Tumbili ndio wenye nyumba pale. Ni wachangamfu na watoto huwapenda, lakini hujua mfuko wenye ndizi kuliko wewe unavyoujua. Chakula kifungwe ndani ya mfuko usioonyesha, na mtoto asishikilie ndizi mkononi huku akitembea. Usiwalishe hata kidogo. Tumbili akimwuma au kumkwaruza mtu, osha kidonda hapo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Usipake majivu wala mafuta ya taa.

Nyoka ni nadra kuwaona, kwa kuwa wakisikia vishindo huondoka. Watoto wabaki kwenye njia na wasitie mikono mashimoni. Ikitokea mtu ameumwa, asitembee, kiungo kile kisichezeshwe, apelekwe hospitali haraka. Kukata kwa wembe, kufyonza na kufunga kamba ngumu huzidisha madhara. Pia kuna majani yanayowasha, yale wengi wetu tunayaita thabai, na siafu wakati wa mvua. Viatu vilivyofunika mguu na suruali ndefu ndiyo dawa. Maji ya mto yasinywewe wala watoto wasiogelee, hata yakionekana safi. Mto huo umepitia kwenye makazi ya watu kabla ya kufika hapo. Beba maji yaliyochemshwa, uji kwenye themosi, viazi vitamu na mayai ya kuchemsha, na sabuni ya kunawa mikono. Mtoto anayenyonya chakula chake kimeshafika pamoja nawe. Mwenye pumu asisahau inhela.

Msimu nao uangalie. Machi hadi Mei njia huteleza kwa mvua ndefu. Januari na Februari ni kuzuri, na Juni hadi Septemba pia, ingawa Julai utataka sweta.

Sijamsahau mama mwenyewe. Kuna mama aliyejifungua miezi miwili au mitatu iliyopita, analia bila sababu, hapati usingizi hata mtoto akilala, na anaona kama hana faida kwa mtu yeyote. Hayo si uvivu wala majini. Ni ugonjwa na una matibabu. Kutembea pamoja na mwenzako chini ya miti husaidia moyo, lakini hakuchukui nafasi ya matibabu. Ukiwa na mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje kliniki ya mwezi ujao, nenda leo, na usiende peke yako. Kwa mama mjamzito mwenye afya, kutembea polepole ni kuzuri mpaka miezi ya mwisho. Asitembee kama anatokwa damu, maji yamevunjika, au kichwa kinamwuma sana na anaona ukungu. Huyo aende hospitali.

Ukiwa na siku ya kwenda mbali zaidi, kuna bustani ya miti ya Arboretum karibu na Ikulu, iliyoanzishwa mwaka 1907, ambayo njia zake ni laini kuliko za Oloolua na inafaa kwa nyanya mwenye magoti mabovu. Kuna pia Karura. Mtoto wako akipita Karura mwambie kwamba Januari 1999 Profesa Wangari Maathai alipigwa hapo hadi akavuja damu kichwani, kwa sababu alikwenda kupanda mti mahali ambapo wengine walitaka kujenga nyumba. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Na asiye na nauli mwezi huu? Uwanja wa shule ya msingi Jumamosi, kiwanja cha kanisa, au zile njia za murram upande wa ndani, mbali na barabara kubwa, saa tatu asubuhi. Akina mama watatu wakishika zamu, mmoja anatembea na watoto wa ploti nzima wakati wawili wanafua.

Mkirudi nyumbani, kabla ya kulala mvue mtoto nguo zote na umkague kupe: nyuma ya masikio, kwapani, kwenye kinena na kwenye nywele. Ukimwona kupe, mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, mvute polepole bila kumsokota, kisha paka spiriti au osha kwa sabuni. Mtoto akipata homa au vipele siku zinazofuata, njoo kliniki na useme kwamba mlitembea msituni. Mpaka kipindi kijacho, kwaheri.