Gari Likibonyea: Shilingi ya Kwanza Iende Wapi?



Magari mengi katika Kaunti ya Nyeri si ya starehe. Probox inayobeba kabeji kutoka Kieni hadi soko la Karatina ndiyo inayolipa karo. Ikigongwa ubavuni, mwenyewe hulazimika kuchagua: aipeleke gereji na kukosa pesa za matumizi ya nyumbani, ama aiache ilivyo na kuendelea na kazi.

Mwenye pesa kidogo na afuate mpangilio huu: kwanza usalama, pili kuzuia kutu, mwisho urembo. Wengi huanza na urembo, wakapaka rangi inayong'aa juu ya bati linalooza.

Usalama hukaguliwa kabla ya kuulizia bei. Je, mlango unafunga na kufunguka vizuri? Tairi linagusa madigadi likikata kona? Taa ya mbele bado inaangaza barabara, ama sasa inaangaza miti? Kwenye ukungu wa barabara ya Nanyuki, taa iliyopinda ni hatari kuliko mlango uliobonyea. Na ikiwa chasisi imepinda, hiyo si kazi ya kutafutiwa bei ya chini.

Baada ya hapo iangaliwe rangi. Kibonyeo ambacho rangi yake haijapasuka kinaweza kusubiri miezi kadhaa bila hasara. Rangi iliyopasuka haisubiri. Mvua ndefu huanza Machi hadi Mei, fupi Oktoba hadi Desemba, na katikati kuna manyunyu ya Julai. Maji yakifikia bati, kutu hutambaa chini ya rangi mahali pasipoonekana. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Asiyeweza kulipia kazi nzima anaweza kufanya hivi: aoshe sehemu hiyo, aikaushe, aisugue kwa msasa mpaka kutu yote itoke, kisha apake rangi ya kuzuia kutu na juu yake rangi ya kawaida. Kiraka kitaonekana, lakini bati litabaki zima mpaka pesa ipatikane.

Bampa ya plastiki ina dawa rahisi zaidi. Ikiwa imebonyea bila kupasuka, humwagiwa maji ya moto ili ilainike, ikasukumwa kutoka ndani, kisha ikamwagiwa maji baridi. Avae glavu nzito anayefanya hivyo. Njia hii haifai kwa bati.

Kazi ikifika kwa fundi, bei peke yake haitoshi kuamua. Fundi mzuri hunyoosha bati kwa nyundo hadi likaribie umbo lake, kisha hupaka fila nyembamba, milimita chache tu, kusawazisha. Fundi wa haraka hujaza shimo lote kwa fila. Fila hunyonya unyevu, na ikiwa nene hupasuka kwa mitikisiko ya barabara mbovu. Kwa hiyo mwenye gari apatane na fundi kwamba ataliona bati kabla halijapakwa fila. Rangi ikishapakwa, sumaku ndogo itamsaidia: ikishindwa kushika kwenye bati la chuma, fila ni nene. Na fundi akisema asubiriwe siku kavu ili apulize rangi, asiharakishwe. Unyevu ukinaswa chini ya rangi, kazi hurudiwa.

Mlango uliopondeka sana wakati mwingine ni nafuu kuubadilisha kwa mlango uliotumika, hasa ukipatikana wa rangi ileile.

Kuhusu bima, ile ya mtu wa tatu hailipii bodi ya gari la mwenye bima. Aliye na bima kubwa aiarifu kampuni kabla ya kutengeneza. Madereva waliogongana wapeane majina na anwani; wasipofanya hivyo, sheria ya trafiki inataka ajali iripotiwe kwa polisi ndani ya saa 24.

Mwisho ni kwa mafundi. Aliyejifunza kazi kwa mikono bila kwenda chuo anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA na kupata cheti. Mteja mwenye pesa kidogo ana haki ya kujua anamkabidhi nani gari linalolisha watoto wake.