Wajibu wa Jumuiya kwa Kijana Aliye Chini ya Uangalizi wa Mahakama

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.



Imepokewa na Abu Dawud kutoka kwa Anas bin Malik (R.A.) ya kwamba mtu mmoja katika Maansari alimwendea Mtume (S.A.W.) kuomba msaada. Mtume akamwuliza kama nyumbani kwake hamna kitu chochote. Akajibu kuwa mna tandiko, ambalo upande mmoja hujifunika na upande wa pili hulilalia, na bakuli la kunywea maji. Mtume akaagiza viletwe, akavinadi mbele ya watu, vikauzwa kwa dirhamu mbili. Akampa mwenyewe dirhamu zake, akamwagiza kwamba moja awanunulie watu wake chakula, na ya pili anunue shoka alilete. Shoka lilipoletwa, Mtume alilitia mpini kwa mkono wake mtukufu, akamtuma mtu yule akatafute kuni auze, wala asionekane tena mpaka zipite siku 15. Siku zilipotimia alirudi na dirhamu 10, akanunua nguo na chakula.

Wako wanavyuoni waliosema juu ya isnadi ya hadithi hii. Lakini Tirmidhi ameitaja sehemu yake na kuihesabu kuwa ni hasan, na mafunzo yake yamekubaliwa na wengi. Ndani yake mna mambo manne: chakula cha leo, chombo cha kazi ya kesho, mkono wa mtu mwenye heshima unaotia mpini, na siku iliyowekwa ya kurudi kutoa hesabu. Mtu yule hakuwa mhalifu. Alikuwa maskini tu. Hata hivyo, mambo manne yale ndiyo hasa anayohitaji kijana ambaye mahakama imemwachilia kwa sharti, na ndiyo hasa anayoyakosa.

Katika Rwanda, Sheria Na. 68/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018, iliyoeleza makosa na adhabu kwa jumla, imempa hakimu nafasi ya kusimamisha adhabu, jambo ambalo kwa Kinyarwanda huitwa isubikagihano. Mwenye kuhukumiwa hivyo hurudi kwao; akitulia mpaka muda uishe, adhabu ile huondoka; akikosa tena, humrudia pamoja na ya kosa jipya. Sheria hiyo hiyo imemruhusu hakimu kumhukumu mtu kazi za manufaa ya umma badala ya kumtia gerezani. Kazi hizo, ambazo watu wamezizoea kwa jina la TIG, si ngeni nchini. Tangu mwaka 2005 wengi waliokiri makosa yao mbele ya mahakama za Gacaca walitimiza sehemu ya adhabu zao kwa kuchonga matuta milimani, kutengeneza barabara na kujenga nyumba. Tena mwezi wa Septemba 2022, Baraza la Mawaziri lilipitisha Sera ya Taifa ya Haki ya Jinai, na miongoni mwa makusudio yake ni kuzidisha adhabu zisizo za kifungo, kwa kuwa magereza yamejaa kupita kiasi.

Hayo ni mema, na yafaa kushukuriwa. Lakini hukumu humwambia kijana asifanye kosa jingine. Haimwambii atakula nini.

Mtu na amfikirie kijana wa miaka 20 aliyekuja Kigali kutoka kijijini, akawa mchukuzi wa mizigo katika kituo cha Nyabugogo. Ameshawishika na wenziwe, ameiba simu, ameshikwa, amehukumiwa, na adhabu yake imesimamishwa. Adhuhuri anatoka mahakamani akiwa mtu huru. Akienda kwenye chumba alichopanga, anakuta vitu vyake vimetolewa nje kwa sababu ya kodi. Akienda kwa mwenye kumpa kazi, anaambiwa kuwa pale hapawekwi mwizi. Akitaka kurudi kijijini, hana nauli, tena anamwonea haya mama yake. Jioni inapoingia, watu wanaomkaribisha bila ya kumwuliza neno ni wale wale waliokuwa naye siku ya simu. Nao wana chakula, wana mahali pa kulala, na wana kanyanga. Uhuru alioupewa adhuhuri umekuwa mwembamba kuliko uzi kabla ya Magharibi.

Ipo sababu nyingine inayowapasa vijana wa umri huu waangaliwe mbali na wengine. Mtoto aliye chini ya miaka 18 akifungwa hupelekwa Nyagatare, na huko hupewa masomo, hata wengine hufanya mitihani ya taifa. Lakini siku anapotimiza miaka 18 amekuwa mtu mzima katika sheria, ingawa mfukoni angali mtoto. Hana mke wa kumsubiri, hana shamba, hana jina sokoni. Mtu mzima wa miaka 40 akianguka huwa na kitu cha kushikilia. Kijana huyu hana ila mikono yake.

Wala kufundishwa ufundi peke yake hakutoshi. Katika kisiwa cha Iwawa, katika Ziwa Kivu, tangu mwaka 2010 vijana waliokusanywa kutoka njiani wamekuwa wakifundishwa useremala, uashi, ushoni na ukulima. Iwawa si adhabu ya mahakama, na mlango wa kuingilia huko ni mwingine. Lakini somo lake ni moja. Mwenye cheti cha useremala anayeshuka Kigali pasi na randa wala msumeno hutazama tu mafundi wa Agakinjiro, kule Gisozi, wakifanya kazi. Cheti kisicho na chombo ni shoka lisilo na mpini.

Asidhani mtu kwamba fikira hii ya kuwaangalia waliohukumiwa ilianzishwa na serikali. Mwaka 1841, katika mji wa Boston huko Marekani, fundi viatu mmoja aitwaye John Augustus alisimama mahakamani akamdhamini mlevi aliyekuwa karibu kufungwa, akaahidi kumrudisha siku iliyowekwa akiwa mtu mwingine. Alitimiza ahadi yake, kisha akaendelea hivyo hivyo mpaka mwaka 1858, akawa amewadhamini watu wapatao 2,000, na wengi wao akawatafutia kazi na makao. Kazi yake ya viatu iliharibika kwa ajili hiyo. Miaka zaidi ya 30 ilipita baada ya mlevi yule ndipo jimbo la Massachusetts likatunga sheria, mwaka 1878, ya kumlipa mshahara mtu wa kufanya aliyoyafanya fundi viatu bure. Katika Uingereza nako, mwaka 1876, mpiga chapa aitwaye Frederic Rainer alichoshwa na kuwaona watu wale wale wakirudi mahakamani kosa juu ya kosa, akapeleka shilingi tano kwa chama cha kanisa ili waanze kusaidiwa. Kutokana na shilingi tano hizo likatokea jambo lililofikia kuwa sheria ya nchi mwaka 1907.

Jirani za Rwanda nao wamekwisha ipita njia hii. Kenya ina maofisa wa uangalizi tangu zama za ukoloni, na ina sheria ya kazi za jamii ya mwaka 1998; Uganda ilitunga yake mwaka 2000, na Tanzania mwaka 2002. Kenya inayo hata mabweni ya kuwaweka vijana wasio na mahali pa kulala wakati wa uangalizi wao, na mojawapo liko Shanzu, Mombasa. Kwa hakika kitanda ni sehemu ya haki, kwani asiye na pa kulala hawezi kutimiza sharti la mahakama hata akilitaka.

Ama sasa, liko swali ambalo kila mtoa zaka ana haki ya kuliuliza. Mjane wa Biryogo hajaiba kitu, naye anangoja. Mwanafunzi yatima hajaiba kitu, naye hana ada. Kwa nini mwizi asaidiwe mbele yao? Swali hili si la ukatili. Ni la uadilifu, na lapasa kujibiwa kwa uadilifu.

Jawabu la kwanza ni kwamba hasaidiwi mbele yao, bali pamoja nao, na kwa masharti mazito kuliko yao. Aliyeibiwa simu ni wa kwanza katika hesabu, na msaada wowote usioanza na haki yake ni dhuluma ya pili. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi wameeleza kuwa mwenye deni lililotokana na maasi akitubu kweli, ana njia ya kupewa katika fungu la wenye madeni. Kwa hivyo kijana aliyetubu, akawa anadaiwa fidia asiyoiweza, anaweza kusaidiwa kuilipa, na mwenye simu akapata haki yake mara moja.

Jawabu la pili ni kwamba wanavyuoni hao hao wamesema fakiri mwenye ufundi apewe thamani ya vyombo vya kazi yake, ziwe chache au nyingi, ili asirudi kuomba. Cherehani kwa mshoni, mwiko na timazi kwa mwashi, spana kwa fundi wa magari: hivyo ndivyo vinavyomtoa mtu katika orodha ya wanaongoja. Fungu la mjane halipungui kwa hilo, maana aliyepewa chombo mwaka huu asaa akawa mtoaji mwaka wa tatu.

Na jawabu la tatu linatokana na Hadithi aliyoipokea Bukhari. Mlevi aliletwa, akaadhibiwa, na alipokuwa akiondoka mtu mmoja akamwapiza afedheheke. Mtume (S.A.W.) akakataza maneno hayo, kwa kuwa kufanya hivyo ni kumsaidia Shetani juu ya ndugu yao. Adhabu ilikwisha timia. Lililozidi halikuwa haki tena. Basi mji unaomfungia kijana milango yote baada ya hakimu kumaliza kazi yake umeongeza adhabu ambayo hakimu hakuitoa, na atakayefaidika ni Shetani.

Waislamu wa Biryogo na Nyamirambo wanalifahamu jambo hili kuliko wengi. Wakati wa utawala wa Wabelgiji wazee wao walitengwa katika mahali palipoitwa Kambi ya Waswahili, na mtu akahukumiwa kwa jina la mtaa wake kabla ya kufungua kinywa. Wana wa watu waliohesabiwa hivyo haiwaelekei kumhesabu kijana kwa siku yake mbaya moja.

Yabaki kutazama mali itoke wapi. Kasoro ya misaada mingi ni kwamba huja katika mwezi wa Ramadhani na kuondoka mwezi wa Shawali, hali uangalizi wa mahakama waweza kuchukua miaka. Aliyepewa futari hajapewa kodi ya mwezi wa saba. Kwa hivyo yafaa mali hii iwe na mizizi mitatu. Wa kwanza ni fungu maalumu la zaka, kwa Waislamu wanaostahiki. Wa pili ni sadaka, ambayo haitazami dini ya mwenye kupewa. Kwani Surat al-Insan imewasifu wenye kumlisha maskini, yatima na mfungwa, na wafungwa wa zama zile hawakuwa Waislamu. Wa tatu, nao ndio ulio imara kuliko yote, ni wakfu. Umar bin al-Khattab (R.A.) aliifanya wakfu ardhi yake ya Khaybar, isiuzwe wala isirithiwe, na mapato yake yawe ya mafakiri, jamaa, wageni, wasafiri na kukomboa watu katika utumwa. Duka moja la wakfu, kodi yake ikikusanywa kila mwezi, humfaa kijana kuliko harambee kumi za siku moja.

Na namna ya kuitumia iwe hivi. Asipewe mtu fedha mkononi; ilipwe kodi kwa mwenye nyumba, na chombo kinunuliwe dukani. Chombo kibaki mali ya mfuko mpaka muda wa mahakama utimie, kisha kiwe chake. Awekwe chini ya fundi mwaminifu, anayelipwa kitu kwa kazi ya kumfundisha, maana ihsani isiyolipwa huchoka upesi. Ajulishwe mkuu wa mudugudu, lakini jina la kijana lisisomwe msikitini, kwani kumsitiri Mwislamu ni ibada. Hesabu za fedha, kinyume chake, zisomwe hadharani kila mwaka, faranga kwa faranga. Wasichana wasisahauliwe, na katika kamati wawemo wanawake wa kuwasikiliza. Na atakayevunja sharti aachiwe hakimu, bila ya kutukanwa. Mlango wa toba haufungwi na kamati.

Shoka la mtu yule wa Madina lilinunuliwa kwa dirhamu moja. Lililolipa thamani ni mpini uliotiwa kwa mkono wa Mtume mbele ya watu, ili ijulikane kwamba aliyelichukua hakutupwa.

Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu wa Kigali kuwa watu wa kutia mipini, azitakabali zaka na sadaka zao, awaongoze vijana wa nchi hii katika njia ya halali, na awape subira waliodhulumiwa mpaka haki zao ziwafikie. Amin.

Wassalamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.