Kwata na Elimu ya Viungo katika Maisha ya Sekondari Tanzania

Katika shule nyingi za sekondari za Tanzania, mwili wa mwanafunzi uko mikononi mwa watu wawili: mwalimu wa michezo na mwalimu wa zamu. Wa kwanza ana mpira, filimbi na kiwanja. Wa pili ana mstari wa asubuhi, mchakamchaka na kwata, yaani amri za mguu sawa, mguu pande. Kazi hizi mbili zimekaa pamoja muda mrefu hata zikadhaniwa kuwa moja, na shule ambayo vijana wake hupiga gwaride vizuri siku ya mahafali huhesabiwa kuwa imewapa elimu ya viungo. Dhana hiyo ina gharama, na gharama yenyewe huonekana wazi kijana anapomaliza kidato cha sita na kuripoti katika kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT).

Mchanganyiko huu ni wa zamani na haukuanzia Afrika. Mwaka 1811, Prussia ikiwa imeshindwa vitani na Napoleon, Friedrich Ludwig Jahn alifungua uwanja wa mazoezi mjini Berlin ili vijana wapate nguvu za kuikomboa nchi yao. Miaka miwili baadaye Per Henrik Ling alianzisha chuo Stockholm kilichofuata njia nyingine: kila zoezi lilichaguliwa kwa kutazama linafanya nini kwenye misuli, kifua au uti wa mgongo. Uingereza ilivutwa na pande zote mbili. Kanuni zake za elimu za mwaka 1871 ziliruhusu kwata ya wavulana ihesabiwe katika mahudhurio ya shule, na mwaka 1902, vita vya Makaburu vilipoonyesha udhaifu wa afya ya walioomba kujiunga na jeshi, ukatolewa mwongozo wa mazoezi ya shule uliochotwa moja kwa moja jeshini. Ulipingwa vikali, kwa kuwa mazoezi yale yalitungwa kwa miili ya watu wazima. Haukudumu. Mwongozo wa mwaka 1909 uliegemea mazoezi ya Ling, na kwata ikaachiwa vikosi vya makadeti vya shule, ambavyo mwaka 1908 vilikuwa vimepangwa upya chini ya wizara ya vita. Tangu hapo Uingereza ilikuwa na vitu viwili: somo la viungo kwa kila mtoto, na ukadeti kwa baadhi.

Utengano huo haukufika Tanganyika. Kilichofika ni sura ya nje ya shule za bweni za Kiingereza. Shule ya Serikali ya Tabora, iliyofunguliwa miaka ya 1920 kwa ajili ya watoto wa machifu, ilikuwa na viranja, mabweni yanayoshindana, ukaguzi wa usafi na michezo ya jioni. Julius Nyerere, aliyekuja kuwa rais, alisoma hapo kuanzia mwaka 1937. Utaratibu wa mstari, kiranja na adhabu ulienea katika shule za bweni nchini, ukadumu hata baada ya bendera kubadilika.

Baada ya uhuru, mafunzo ya kijeshi kwa vijana yalipata maana nyingine kabisa. JKT lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, kwa wazo lililotoka kwa vijana wa chama tawala cha TANU, na mwanzoni lilikuwa la kujitolea. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi. Jeshi hilo likavunjwa, na Jeshi la Wananchi likaundwa upya Septemba mwaka huohuo. Serikali ilitaka jeshi lisilojitenga na raia, na raia wasioliona jeshi kuwa mali ya watu wengine. Mwaka 1966 sheria ikawabana wasomi: wahitimu wa kidato cha sita, vyuo na chuo kikuu watumikie miaka miwili, sehemu ya kwanza kambini na sehemu iliyobaki kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu, Dar es Salaam, kupinga masharti hayo. Nyerere aliwasikiliza, kisha akawarudisha makwao wapatao 400, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mgogoro ule ulihusu mishahara na nafasi ya msomi katika nchi maskini. Lakini ndio ulioipa kambi maana ambayo bado inayo: mahali pa kumshusha msomi ajue jembe, jasho na foleni ya chakula kama wenzake. Miezi mitano baadaye, Machi 1967, ilitoka sera ya Elimu ya Kujitegemea, ikitaka kila shule iwe na shamba na kila mwanafunzi ashike kazi. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaongeza kwamba njia ya kwenda chuo kikuu ipitie JKT na kazini kwanza.

Ni katika miaka hiyo mchakamchaka ulipokuwa alama ya shule ya Kitanzania. Kabla jua halijachomoza, wanafunzi hukimbia kwa vikundi, mmoja akianzisha wimbo na wengine wakipokea, miguu ikifuata mapigo. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 viliongeza nyimbo ambazo watoto waliozaliwa baadaye sana bado wanaziimba. Mchakamchaka unastahili sifa. Haudai kiwanja wala vifaa. Huinua mapigo ya moyo, na mwendo wa wimbo humsaidia mkimbiaji kupanga pumzi. Mwanafunzi asiyejua kupiga mpira naye ana nafasi, kwani hakuna anayefunga bao. Ndiyo mila bora ya mazoezi ambayo shule za Tanzania zimejitungia zenyewe, na kuiacha ife kwa sababu ya vipindi vya ziada vya alfajiri ni hasara kubwa.

Hata hivyo mchakamchaka pamoja na kwata haviwezi kubeba kazi yote. Kwata hufundisha kusikiliza amri, kusimama wima, kwenda kwa hatua moja na wenzako na kuvumilia jua bila kulalamika. Haya ni mafunzo ya kweli, na kijana aliyeyapata hujulikana. Lakini katika kwata kila mtu hufanya kitu kilekile kwa kipimo kilekile. Uzuri wa gwaride uko hapo. Elimu ya viungo inakwenda kinyume: humpima kila mmoja alipo, ikampandisha kutoka hapo. Kijana mnene, aliyetoka kuugua malaria, mwenye pumu na anayekimbia kama swala hawawezi kupewa zoezi moja na wote wakanufaika. Somo hili hufundisha pia mambo ambayo hayafundishwi mstarini: kutua baada ya kuruka, kubeba mzigo bila kuumiza mgongo, kupasha mwili moto na kuupoza, na kutofautisha uchovu wa kawaida na maumivu ya hatari.

Sababu kubwa zaidi iko ndani ya mifupa. Mfupa ni kitu hai. Unapopewa mzigo mpya, kwanza sehemu yake ya zamani humomonyolewa, ndipo mpya hujengwa. Kwa hiyo katika wiki za mwanzo za mazoezi makali mfupa huwa dhaifu kuliko ulivyokuwa. Hii ndiyo sababu makuruta wa majeshi mbalimbali duniani hupata nyufa ndogo za mfupa, hasa kwenye muundi na mifupa ya unyayo, katika wiki hizo za mwanzo. Wasichana wamo hatarini zaidi, hasa wanaokula pungufu ya nguvu wanazotumia au ambao hedhi zao zimevurugika. Na moja ya kinga zinazojulikana ni kuwa na mazoea ya mazoezi ya muda mrefu kabla ya kuingia kambini. Joto nalo lina kanuni yake: mwili huhitaji kati ya wiki moja na mbili kuzoea kufanya kazi nzito juani, na haraka ya siku za kwanza ndiyo inayoangusha watu. Mambo haya hayarekebishwi kwa ukali wa afande wala kwa moyo wa kijana.

Kwa miaka mingi swali la kuandaa mwili kabla ya kambi halikuulizwa, kwa sababu kambi zenyewe hazikuwa na wahitimu. Mwaka 1994 mafunzo ya mujibu wa sheria yalisitishwa kwa ukosefu wa fedha, na yalirejea mwaka 2013, JKT lilipotimiza miaka 50. Sasa tangazo la kila mwaka hujulikana na kila mzazi mwenye mtoto kidato cha sita: bukta ya bluu iliyokolea yenye mpira kiunoni, inayofika magotini, fulana ya kijani, raba, soksi ndefu nyeusi, shuka za bluu bahari. Hata kama nauli za kwenda kambi za Ruvu, Mafinga, Makutupora, Oljoro, Bulombora, Mlale, Msange na Rwamkoma hutofautiana, kazi huko ni ileile: kwata, silaha na shabaha, ujanja wa porini, usomaji wa ramani, huduma ya kwanza, uzalendo na uzalishaji mali. Wenye ulemavu unaoonekana huelekezwa Ruvu, ambako kuna miundombinu ya kuwapokea.

Kijana anayebeba vifaa hivyo hufika kutoka wapi? Mara nyingi hutoka katika miezi mingi ya kukaa. Kipindi cha michezo kilicho kwenye ratiba humezwa na hisabati au fizikia, kwa kuwa shule hupimwa kwa matokeo ya Baraza la Mitihani, na Elimu ya Viungo hufanyiwa mtihani na wachache. UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, huwakusanya wenye vipaji, nayo ni haki yao. Wengine hubaki kuwa watazamaji. Shirika la Afya Duniani linataka wenye umri wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi kwa wastani wa dakika 60 kwa siku, na makadirio yake ya mwaka 2016 yalionyesha kuwa asilimia 81 ya wanafunzi wa miaka 11 hadi 17 duniani hawafikii kiwango hicho.

Kuna uharibifu mwingine unaofanywa na mchanganyiko huu, nao ni adhabu. Kuruka kichura, kupiga pushapu, kuzunguka kiwanja: shuleni haya hutolewa kwa aliyechelewa au aliyepiga kelele. Mwanafunzi hujifunza kwamba mazoezi ni malipo ya kosa, na akishatoka shuleni huyaepuka kwa furaha. Msichana huongezewa aibu ya kukimbia bila mavazi yanayofaa na bila mahali pa kubadilisha nguo, na wengi huishia kuomba ruhusa kila wiki. Shule inayotaka kurekebisha ianzie hapa, kwa sababu hakuna fedha inayohitajika: zoezi litolewe katika somo, adhabu itafutiwe njia nyingine.

Hatua inayofuata ni ratiba. Kipindi cha dakika 40, mara mbili kwa wiki kuanzia kidato cha kwanza, kikilindwa kama kinavyolindwa kipindi cha maabara, kinatosha kujenga msingi, mchakamchaka ukijaza siku zilizobaki. Mwalimu anayeweza kukiongoza yupo. Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza, kimefundisha walimu wa michezo kwa miaka mingi, ingawa wengi wao hupangiwa masomo mengine. Kwata ibaki kwa skauti na kwa siku za sherehe. Kidato cha sita wapewe maandalizi yao: tangu Januari, matembezi ya haraka yageuke mbio fupi, mbio ziongezwe kidogokidogo kila wiki, raba zitakazovaliwa kambini zizoewe mapema, na mwenye pumu, selimundu au jeraha la zamani apewe maelezo ya daktari ya kukabidhi siku ya kuripoti. Mtihani ukifika Mei mazoezi yapungue bila kusimama, kwani siku kati ya karatasi ya mwisho na kuripoti kambini huwa chache.