Kizuri Chajiuza: Mizani, Pamba na Sangara

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wetu wa mwaka, Mwanza)





Kwanza kabisa napenda kutoa shukrani zangu kwa Kamati kwa kunipa heshima ya kusema mbele yenu. Nimeombwa nizungumzie biashara ya nchi yetu na mataifa ya nje, pamoja na juhudi za Serikali za kuikuza. Mada hii ni pana, na nikiiachia itatuchukua mpaka Dar es Salaam na kuturudisha hapa usiku wa manane, chakula kimekwisha poa. Kwa hiyo nitasema juu ya yale niliyoyafanyia kazi kwa mikono yangu katika mwambao huu wa Ziwa, yaani pamba na sangara. Na nitashikilia neno moja tu: kwamba bidhaa ya nchi hupata soko au hupoteza soko pale inapopimwa kwa mara ya kwanza, wala si pale inapopakiwa melini.

Ndugu zangu, wazee wetu walilijua jambo hili kabla yetu. Wakati wa mkoloni, mkulima wa pamba wa Usukuma alijitwisha mzigo wake mpaka kwa mnunuzi, na mnunuzi huyo huyo ndiye aliyesoma mizani. Alichosema ndicho kilichoandikwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walichoka kuibiwa. Wakachangishana, wakaajiri vijana waliojua kusoma na kuandika, wakawasimamisha kando ya mizani ili wathibitishe uzito. Kazi hiyo ndogo ilikuwa ni mbegu. Chini ya uongozi wa watu kama marehemu Paul Bomani vikakua vyama vya ushirika, na mwaka 1955 ukaundwa muungano wao mkubwa, Victoria Federation of Co-operative Unions. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961, muungano huo ulikuwa ukihesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika katika Afrika nzima, na mwaka uliofuata Bomani akawa Waziri wa Fedha. Basi vijana mkumbuke: ushirika wa Kanda ya Ziwa ulizaliwa kwenye mizani.

Matunda yake yalionekana. Kufikia mwaka 1966 nchi ilikuwa ikitoa zaidi ya marobota 400,000 ya pamba kwa mwaka, na robota moja ni kama kilo 181. Sehemu kubwa sana ilitoka huku kwetu. Reli iliyofika Mwanza mwaka 1928 iliyabeba kwenda pwani, na pamba pamoja na kahawa na katani zikawa ndizo nguzo za fedha za kigeni za Taifa letu. Pamba yetu ilikuwa na sifa moja ambayo mashine za nchi tajiri haziwezi kuipata kwa urahisi: inachumwa kwa mkono. Mkono una macho. Unaweza kuchagua tumba lililofunuka vizuri na kuacha jani na uchafu. Ndiyo maana tulikuwa na madaraja mawili yaliyojulikana na kila mtoto: pamba safi na pamba fifi. Safi ilikuwa na bei yake, na fifi bei yake, wala havikuchanganywa.

Sasa naomba niseme jambo ambalo sijapata kulisema mbele ya watu.

Nilipomaliza shule niliajiriwa kuwa karani wa mizani katika chama kimoja cha msingi. Mwaka huo ulikuwa 1974. Siku moja, jua likikaribia kuzama, alifika mzee mmoja wa rika la marehemu baba yangu, ambaye mimi nilimwita baba mdogo. Nilipotia mkono katika gunia lake, nikakuta limenyunyiziwa maji katikati. Nikamtazama. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, pima tu. Karo ya mdogo wako inadaiwa." Nilijua wajibu wangu, kwa maana nilifundishwa hapa hapa shuleni. Lakini ulimi ulikuwa mzito. Nikapima, nikaandika "safi."

Pamba ikilowa na kurundikwa hupata joto, na joto huigeuza rangi. Gunia lile lilikaa ghalani katikati ya magunia ya watu wengine wiki nzima likingoja lori. Mzigo ulipofika kiwandani ulionekana wa manjano na unanuka, na rundo zima likashushwa kuwa fifi. Hasara ikakatwa katika fedha za chama, na chama hicho kilikuwa ni wanakijiji wenyewe. Fedha hizo zilikuwa zimetengwa kuezeka zahanati. Zahanati ikakaa bila bati misimu miwili. Miongoni mwa walioipoteza alikuwemo mama mmoja mjane aliyekuwa akichambua pamba yake usiku kwa taa ya chemli, jani moja moja, na hakuna msimu hata mmoja aliowahi kuleta fifi. Yeye na baba mdogo walilipa sawasawa. Kila mtu alimlaumu dereva wa lori, nami nikanyamaza.

Ndugu Mwenyekiti, nimesimulia habari hii kwa sababu naamini historia ya mauzo yetu ya nje ni habari hiyo hiyo iliyokuzwa.

Serikali imefanya mengi, mengine yakafaulu na mengine yakashindwa. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na kazi ya pamba ikawa mikononi mwa mamlaka ya Serikali. Katika miaka ya 1980 vikarudishwa. Mwaka 1978 ikaundwa Bodi ya Biashara ya Nje, ambayo baadaye ilibadilishwa kuwa TanTrade kwa sheria ya mwaka 2009, na hiyo ndiyo inayosimamia maonyesho ya Sabasaba. Katika miaka migumu baada ya vita vya Kagera, wakati sabuni na chumvi zilikuwa adimu, Serikali ikaruhusu wauzaji wa nje kubaki na sehemu ya fedha za kigeni walizozipata. Kuanzia mwaka 1986 thamani ya shilingi ikashushwa ili bidhaa zetu zipate bei. Na katika msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kununua pamba.

Je, mavuno yaliongezeka? Naam, kuna wakati yaliongezeka sana. Msimu wa 2005/06 tulivuna karibu tani 376,000 za pamba mbegu, sawa na marobota kama 700,000. Lakini msimu uliofuata yakaanguka chini ya nusu ya hapo. Na sifa yetu je? Wanunuzi wengi walipogombania mzigo mmoja, kila mmoja aliogopa kwamba akikataa gunia chafu, jirani yake atalichukua. Safi na fifi zikaingia gunia moja kwa bei moja. Mkulima naye akajiuliza: ikiwa uchafu unalipwa sawa na usafi, kwa nini nikeshe nikichambua? Yakaingia maji, ukaingia mchanga, ikaingia hata chumvi. Pamba iliyokuwa ikitafutwa kwa jina lake ikaanza kupunguziwa bei. Wala sisemi kwamba wanunuzi wametakasika, la hasha. Mizani iliyochezewa bado ipo. Lakini tazameni mzunguko wake: wazee wetu waliajiri vijana wamchunguze mnunuzi, na wajukuu wao wakafanya mnunuzi aajiri vijana wa kutuchunguza sisi.

Sasa nije Ziwani. Sangara hakuwa samaki wetu wa asili. Aliingizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akawala furu, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amelitawala Ziwa. Miaka ya 1990 viwanda vya minofu vikajengwa hapa Mwanza, na minofu ya sangara ikawa inaliwa Ulaya. Mimi nami nikapata kazi katika kiwanda kimojawapo, nikisimamia mapokezi ya samaki.

Mwaka 1997 wakaguzi wa Ulaya wakalalamika juu ya vijidudu katika samaki wa Ziwa. Kisha ukaja ugonjwa wa kipindupindu katika nchi zetu, na mwanzoni mwa mwaka 1998 samaki wabichi wa Afrika Mashariki wakazuiwa. Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba hatua hiyo haikuwa na sababu ya kutosha, lakini soko likishaingiwa na hofu halisomi barua. Halafu mwaka 1999 zikaja habari mbaya zaidi: kuna wavuvi Ziwani waliokuwa wakitumia sumu. Sumu ile ile ya kuulia wadudu mashambani! Soko la Ulaya likafungwa tena kwa nchi zote tatu zenye Ziwa.

Nakumbuka asubuhi moja ya mwaka huo. Mtumbwi ulifika ukiwa na samaki wazuri, waliovuliwa kwa nyavu halali, na wamewekwa kwenye barafu. Nahodha alikuwa mtu mwaminifu ambaye sikuwahi kumkatalia hata samaki mmoja. Ilinibidi nimwambie kwamba leo hatupokei, na kesho sijui. Akaniuliza, "Mimi nimekosa nini, Mwalimu?" Sikuwa na jibu, isipokuwa lile la wahenga: samaki mmoja akioza, wote huoza. Nikamkumbuka yule mama mjane na pamba yake.

Lakini hapa ndipo penye funzo la matumaini. Serikali haikukaa ikilalamika tu. Ukaguzi wa samaki ukawekwa chini ya mkono mmoja wa Idara ya Uvuvi. Maabara ya Nyegezi ikaimarishwa, ili samaki wapimwe hapa hapa petu na matokeo yake yaaminiwe ng'ambo. Mialo ikarekebishwa, barafu ikawa sharti, na kila shehena ikawa na karatasi ya kueleza imetoka wapi. Soko likafunguliwa baada ya miezi kadhaa. Hatukushinda kwa kupunguza bei wala kwa kubembeleza. Tulishinda kwa kuweka mizani ya kuaminika mwanzoni mwa safari.

Leo mkoa wetu una mengi ya kujivunia. Dhahabu imekuwa bidhaa kubwa ya nchi yetu ya kuuza nje, na mwaka 2021 kilifunguliwa hapa Mwanza kiwanda cha kuisafisha. Mwaka 2025 daraja la Kigongo na Busisi lilifunguliwa, na wale tuliolala kwenye foleni ya kivuko tunajua maana yake. Dagaa wa Kirumba Mwaloni wanafika Kongo, Rwanda na Burundi. Yote haya ni mema. Lakini daraja hupitisha mzigo safi na mzigo mchafu kwa kasi ile ile.

Na hapa nitaomba ruhusa ya kuwaudhi baadhi ya rafiki zangu. Sheria iliwahi kusema sangara avuliwe akiwa na urefu wa sentimeta 50 hadi 85: mdogo aachwe akue, na mkubwa aachwe azae. Hata hivyo viwanda kadhaa vimefungwa kwa kukosa samaki, na kokoro bado linakokota watoto wa sangara ufukoni. Bondo limekuwa na bei kuliko mnofu, na kwa ajili yake wapo wanaomchinja mzazi aliyebeba mayai. Ndugu zangu, humu ukumbini wamo wenye mitumbwi. Wamo wenye malori ya pamba. Wamo mawakala wanaotoa fedha usiku na kupokea mzigo alfajiri. Tulikaa dawati moja, nawajua, nanyi mnanijua.

Siwaombeni mchango. Nawaomba mrudishe gunia moja. Mrudishe samaki mmoja mfupi, mbele ya watu, na mseme sababu. Mwenye gunia atanuna, huenda akawa ni baba yenu mdogo. Mimi nilimwonea haya mzee mmoja, nikakidhulumu kijiji kizima. Kama ningemwambia, "Baba, lianike, ulilete kesho," pengine angenuna siku mbili, nami ningemchangia karo.

Ninyi vijana, mtasikia mengi juu ya mikataba ya biashara, Jumuiya ya Afrika Mashariki na soko huru la Afrika. Yasomeni, yana maana. Lakini wahenga walikwisha maliza kazi: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Serikali inaweza kututembezea bidhaa zetu kwenye maonyesho ya dunia nzima. Kuzifanya ziwe nzuri ni kazi ya aliyeshika mizani, na siku moja mizani hiyo itakuwa mikononi mwenu, jua likikaribia kuzama, na mtu mnayemheshimu atawaambia, "Pima tu."